Tukirudi, Tukipelekwa, Tukipata... Na Leo Je?

Mwezi huu tunataka kuongea juu ya ugonjwa mmoja ambao sisi wenyewe tunao, kwa hiyo msifikiri tunawanyoshea wengine kidole.

Asubuhi moja tulikuwa kwenye foleni ya bomba. Mbele yetu alikuwepo baba mmoja na binti yake wa miaka kama saba hivi. Yule mtoto ndiyo kwanza amejifunza kuandika jina lake. Basi akachukua kijiti, akachuchumaa, akaliandika kwenye vumbi, herufi moja moja, ulimi nje. Alipomaliza akaita, "Baba, ona!" Baba alikuwa anaongea na jirani juu ya orodha ya wanaopelekwa nchi ya tatu: nani katoka, nani kaitwa tena kwenye mahojiano. Mtoto akaita mara ya pili. Mara ya tatu baba akasema, "Subiri," bila kugeuka. Foleni ikasogea, mtu akaburuta jerikeni juu ya lile jina, likafutika. Mtoto hakulia. Alishika tu ndoo yake akasogea na wenzake.

Yule baba si mtu mbaya. Tunamfahamu, anahangaikia watoto wake kuliko wengi. Na tulipokaa kuandaa toleo hili, kila mmoja wetu alikiri kwamba "subiri" ya namna ile ameshaisema, tena si mara moja. Hapa kambini tuna lugha yetu: tukirudi, tukipelekwa, tukipata. Tukirudi nyumbani nitajenga. Tukipelekwa watoto watasoma vizuri. Tukipata majibu tutafunga ndoa. Wengine tumefika 1996, wengine 2015, na kuna watoto waliozaliwa hapa ambao sasa wana watoto wao. Wao hawakusubiri tupate majibu ndipo wakue.

Mmoja wetu amekuwa akisoma habari za watawa wawili wa dini ya Buddha, watu wa Asia, wanaojulikana kwa kufundisha jinsi ya kuishi katika saa uliyo nayo. Tukamwambia hayo ni mambo ya watu walioshiba, wanaokaa juu ya mikeka mizuri kwenye nyumba tulivu. Kumbe sivyo. Wote wawili vita viliwafungia njia ya kurudi nchini kwao. Tena mmoja wao kazi yake kubwa aliifanyia kambini, kambi ya mianzi na karatasi za plastiki kama hii yetu. Ndipo tukakaa kusikiliza.

Tuseme kwanza kidogo kwa wasiojua. Buddha aliishi upande wa kaskazini mwa India na Nepal, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Alifundisha kwamba sehemu kubwa ya mateso ya moyo inatoka kwenye kung'ang'ania, na kwamba mtu anaweza kuufundisha moyo wake utulie. Neno moja katika mafundisho hayo ni sati. Asili yake ni kukumbuka, lakini hapa si kukumbuka ya zamani. Ni kujikumbusha kwamba uko hapa: unavuta pumzi, unatembea, unashika jembe, mtoto anakuita. Njia ya kwanza kabisa ni pumzi. Unaifuata inavyoingia na inavyotoka, na mawazo yakikuchukua, unarudi tena bila kujigombeza. Ndiyo hiyo tu. Ni rahisi kuieleza, ila jaribu dakika tano uone utakavyofika Bukavu au Bujumbura na kurudi mara kumi.

Mtawa wa kambini

Wa kwanza ni Maha Ghosananda, Mkambodia. Katikati ya miaka ya 1960 alikwenda Thailand kujifunza kutuliza moyo kwa mwalimu mmoja aliyeishi msituni. Akiwa huko nchi yake ikaharibika. Kuanzia Aprili 1975 hadi Januari 1979 Kambodia ilitawaliwa na Khmer Rouge. Katika muda huo mfupi walikufa watu kati ya milioni 1.5 na 2, kwa kuuawa, kwa njaa na kwa kazi za kulazimishwa. Mahekalu yalifanywa maghala na magereza. Watawa wengi waliuawa, na waliobaki walivuliwa majoho yao. Jamaa zake Ghosananda walikufa wote.

Habari zilimfikia kule msituni, na alilia. Inasimuliwa kwamba mwalimu wake hakumbembeleza kwa maneno matamu. Alimwambia vita hawezi kuvisimamisha, bali aulinde moyo wake dhidi ya huzuni na hasira, akae macho, ajiandae kwa siku ambayo nchi yake itamhitaji. Sisi tuliposoma hapo tulibishana. Mmoja wetu, ambaye naye amezika kwa mbali, yaani kwa simu tu, alisema mwalimu yule alikuwa mkali mno, maana mtu aachwe alie. Tunakubaliana naye nusu. Lakini tuangalie kilichofuata.

Wakimbizi walipoanza kumiminika mpakani mwa Thailand, Ghosananda aliwafuata. Kambi ya Sa Kaeo ilifunguliwa Oktoba 1979, na watu walifika mifupa mitupu, wana malaria, wengine wanafia njiani. Alipita katikati yao akiwagawia vikaratasi vyenye maneno ya Buddha juu ya upendo. Wazee ambao miaka minne hawakuruhusiwa hata kukunja mikono kusali walipiga magoti wakalia kwa sauti walipoliona joho la mtawa. Alijenga vibanda vya ibada ndani ya makambi, ingawa humo humo walikuwemo watu wa Khmer Rouge waliochanganyika na wakimbizi, wasiotaka kuona jambo hilo. Nani kati yetu hajui kambi ambayo aliyekufukuza na wewe mliyefukuzwa mnapanga foleni moja?

Kuna jambo lilitugusa sana. Wakambodia wana jina la ugonjwa walioutoa kwenye vita: wanauita kuwaza sana. Mtu kichwa kinamuuma, moyo unakwenda mbio, anahisi kama upepo unampanda mwilini hadi shingoni, usingizi hakuna. Sisi tunasema "fulani ana mawazo", na kila mtu anaelewa bila kuuliza mawazo gani. Watu wa mbali vile, lugha nyingine kabisa, na bado neno ni lile lile! Mganga wa mawazo mengi, kadiri Ghosananda alivyofundisha, hakuwa mtu wa kukuambia "acha kuwaza". Nani amewahi kuacha kuwaza kwa kuamriwa? Alirudisha watu kwenye hatua. Hatua moja, kisha nyingine. Huo ndio ulikuwa msemo wake maisha yote, na Kambodia ulikuwa na maana ya kweli kabisa, maana ardhi ilijaa mabomu ya kutegwa. Mguu ulipaswa kujua unakanyaga wapi.

Halafu akafanya jambo ambalo ndilo lilitushawishi tuandike makala hii. Mwaka 1992, makambi yalipoanza kufungwa na zaidi ya watu 360,000 kurudishwa Kambodia, wengi waliogopa. Nani anatusubiri kule? Aprili ya mwaka huo Ghosananda alitoka mpakani kwa miguu pamoja na watawa, wasichana, vijana na bibi vizee, wakatembea karibu mwezi mzima hadi mji mkuu, Phnom Penh. Njiani wanavijiji waliwasubiri na ndoo za maji, watawa wakawanyunyizia na kuwaombea amani. Wapo waliokutana na ndugu zao barabarani baada ya miaka mingi ya kudhani wamekufa. Matembezi yakarudiwa mwaka hadi mwaka. Mwaka 1994 walikamatwa katikati ya risasi za pande mbili, na watu wawili katika wao walikufa. Hawakuacha. Ghosananda mwenyewe alifariki Machi 2007, nchini Marekani.

Mtawa aliyeota kilima

Wa pili ni Mvietnamu, Thich Nhat Hanh. Hilo "Thich" ni jina wanalopewa watawa wote wa Vietnam, na wanafunzi wake walimwita Thay, maana yake mwalimu. Alizaliwa 1926 na kuingia hekalu la Tu Hieu, karibu na mji wa Hue, akiwa na miaka 16. Vita vilipowaka hakujifungia hekaluni. Yeye na wenzake walianzisha shule ya vijana wa kujitolea, wakaenda vijijini kujenga upya nyumba zilizochomwa, shule na zahanati. Mwaka 1966 alisafiri kwenda Marekani na Ulaya kuomba vita visimame. Alikutana na Martin Luther King, ambaye mwaka uliofuata alimpendekeza kwa tuzo ya Nobel ya amani. Lakini kwa kuwa hakutaka kuegemea upande wowote, pande zote mbili za Vietnam zilimkatalia kurudi. Alikwenda kwa safari ya miezi michache. Alikaa nje miaka 39.

Sasa sikilizeni hapa. Amesimulia mwenyewe kwamba katika miaka ya kwanza alikuwa akiota ndoto ile ile. Anapanda kilima cha kijani, chenye miti mizuri, kuelekea hekalu lake. Katikati ya kilima anaamka, anakumbuka kwamba yuko ugenini na hawezi kurudi. Wangapi kati yetu tunaijua ndoto hii? Kwa mwingine ni kisima cha kwa bibi yake. Kwa mwingine ni mlango tu, mlango wa bluu, hata nyumba haionekani.

Hakuifukuza ile ndoto. Alichofanya ni kuanza kuangalia mahali alipokuwa. Miti ya Ulaya haikuwa ile ya kwao, lakini ilikuwa miti, akajifunza kuigusa. Watoto walikuwa watoto, akacheza nao. Akawa anafanya hivyo kila siku, kwa pumzi na kwa hatua, na siku moja akagundua ndoto imekoma. Vietnam hakuiacha kuipenda. Ila mwili wake haukuwa tena sehemu moja na moyo sehemu nyingine.

Yeye na wenzake walianza kijumuiya kidogo huko Ufaransa wakakiita Viazi Vitamu, kwa sababu kwao Vietnam mchele ukiisha maskini hula viazi vitamu. (Tuliposoma hapo tulicheka. Hata sisi mgao ukipunguzwa tunajua pa kukimbilia, kama vipo.) Mwaka 1982 walihamia kusini magharibi mwa nchi hiyo, wakanunua mashamba, wakapanda miti ya plamu 1,250, ili matunda yauzwe kusaidia watoto wenye njaa. Mahali hapo ndipo Plum Village, na watu wa nchi nyingi huenda kujifunza. Kengele ikilia, kila mtu anasimama alipo. Mwenye sufuria anasimama na sufuria, mwenye jembe na jembe lake. Wanavuta pumzi mara tatu, kisha kazi inaendelea.

Na kuosha vyombo! Mwaka 1974, akiwa ugenini, aliwaandikia barua ndefu wale vijana wa kujitolea waliobaki vitani Vietnam, na baadaye ikawa kitabu kinachosomwa dunia nzima. Humo anaeleza kwamba ukiosha vyombo haraka haraka ili ukanywe chai, basi ukifika kwenye chai nayo utainywa huku unawaza kitu kingine. Vyombo hukuviosha na chai hukuinywa. Anasimulia pia rafiki yake aliyekuwa akila chungwa dogo huku anaongea juu ya mipango yao ya baadaye, anatupia kipande kinywani kabla ya kumaliza cha kwanza. Ilibidi aambiwe kwamba anakula chungwa.

"Hii si kutuambia tunyamaze?"

Swali hili liliulizwa na mama mmoja ambaye tulimsomea makala kabla ya kuichapa, na tunamshukuru. Alisema, "Nyie waandishi, angalieni. Wapo watakaofurahi sana wakimbizi wakifundishwa kuridhika. Chakula kimepunguzwa, vuta pumzi. Kuni hakuna, vuta pumzi." Mama yule ana haki. Kama mtu yeyote atakuja na mafundisho haya badala ya unga, mwambieni arudi na unga.

Lakini tumwangalie Thich Nhat Hanh mwaka 1976 na 1977. Wavietnamu wengi walikuwa wakikimbia kwa mashua bovu, wakifa baharini, na nchi za jirani zikiwarudisha majini. Yeye na wenzake wakakodi meli kwa siri kutoka Singapore ili kuwaokota. Polisi wakagundua, wakamjia usiku, wakampa saa 24 aondoke nchini, wakati watu karibu 800 walikuwa bado kwenye meli, chakula na maji vinategemea yeye. Je, hapo mtu anafanya nini? Alikaa, akatembea polepole chumbani, akafuata pumzi yake usiku ule. Alijiambia kwamba kama amani haiwezekani katika saa hii ya hatari, basi ile ya siku za raha haikuwa kitu. Kwenye saa kumi alfajiri ndipo akili ikafunguka: aende kwa balozi wa Ufaransa, aombe amtetee aongezewe siku 10. Akaenda, akaomba, akapewa. Siku 10 hazikumaliza matatizo yote, lakini kwa watu walio baharini siku 10 si kidogo.

Kwa hiyo kukaa katika leo hakukumzuia kudai. Nchi yake aliendelea kuiombea na kuidai mpaka akaruhusiwa kuingia mara ya kwanza mwaka 2005. Mwaka 2014 alipata kiharusi, akapoteza uwezo wa kusema. Mwaka 2018 alirudi kukaa Hue, na Januari 22, 2022 alifariki akiwa na miaka 95, katika hekalu lile lile la Tu Hieu alilopandia kilima chake ndotoni.

Yule mama aliposikia haya alisema, "Sawa, andikeni. Ila andikeni na la unga."

Tulivyojaribu sisi

Hatuwaambii mtu abadili dini. Wakristo wanajua Yesu alivyosema mlimani juu ya kuisumbukia kesho, na Waislamu wana tasbihi inayomrudisha mtu kwa Mola wake punje kwa punje. Tulichofanya ni kujaribu vitu vitatu kwa wiki tatu, kila mtu nyumbani kwake.

Cha kwanza ni kengele. Hatuna kengele ya hekalu, lakini shule inagonga rimu la gari, msikiti una adhana, kanisa lina ngoma. Tukakubaliana kwamba ukisikia mojawapo, unasimama, pumzi tatu. Wawili wetu waliweza. Mmoja alisahau kila siku isipokuwa Jumapili.

Cha pili ni sufuria. Kuosha sufuria lenye masizi kwa majivu, bila kuwaza kingine. Hiki kilikuwa kigumu kuliko tulivyodhani, na wanaume wa timu yetu wamejifunza kitu kingine pia, kwamba masizi hayatoki kwa urahisi.

Cha tatu ni cha watoto, na ndicho tunachowaomba mjaribu kwanza. Plum Village watoto hupewa mfuko mdogo wenye vijiwe vinne. Cha kwanza ni ua, cha pili mlima, cha tatu maji yaliyotulia, cha nne nafasi iliyo wazi. Mtoto anakishika kijiwe kimoja mkononi, anavuta pumzi mara tatu: na ua anajiona mbichi, na mlima anajiona imara, na maji anaona vitu vilivyo kweli, na nafasi anajiona huru. Halafu anakiweka chini, anachukua kingine. Dakika chache tu. Mzazi akae chini pamoja naye, asisimame mlangoni na kuamuru. Vijiwe hapa tunavyo vya kutosha.

Onyo moja tafadhali. Kwa mtu aliyeona mambo mabaya, kufumba macho na kukaa kimya kunaweza kumrudisha kule kule alikotoroka. Hilo likitokea usijilazimishe, wala usimlazimishe mtoto. Fumbua macho, gusa ardhi kwa miguu, taja vitu unavyoviona, inuka utembee na mtu mwingine. Na kama usiku haulaliki, nenda zahanati ukaongee na mhudumu wa ushauri nasaha. Si aibu.

Katika familia zetu, mtoto mmoja alivipenda vijiwe vyake hadi analala navyo. Mwingine alivitumia kwenye manati siku ya pili, na mlima umepotelea juu ya paa la jirani. Yule baba wa bombani tulimsomea sehemu yake kabla ya kuchapa, tukihofia atakasirika. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Aliandika jina zima?" Tukamwambia ndiyo, zima, hata herufi kubwa ilikuwepo. Akasema anakwenda kumwomba aandike tena.

Nanyi mtuandikie mlivyojaribu. Sanduku la barua liko mlangoni pa maktaba, na wasiojua kuandika waje Jumamosi asubuhi, tutawaandikia.